Nyangumi na pomboo: kuwaangalia tu kuna faida?

SWALI: Shikamoo. Mimi ni wa Likoni, kila Agosti naenda na mjomba baharini kucheki nyangumi na pomboo, naandika kwa daftari. Mke wangu asema napoteza wakati. Ati sayansi inafaidika?

JIBU: Marahaba mwanangu, usiache! Nyangumi wa nundu hutoka bahari ya Antaktika kuja kuzaa huku kwetu kwenye joto, Julai mpaka Septemba hivi wanapita, na bahari ni kubwa watafiti wachache, sasa nani atawaona kama si nyinyi mnaoshinda majini? Piga picha. Chini ya mkia wa nyangumi kuna mabaka meupe na meusi, kila mmoja na yake kama alama za vidole, na pomboo hutambulika kwa mapengo ya pezi la mgongoni, kwa hivyo picha moja yaweza kuonyesha huyu ni yuleyule aliyeonekana kwingine miaka ya nyuma. Andika tarehe, saa, mahali, wangapi. Siku hukuona kitu andika pia, wengi husahau na hiyo ni data! Kisha tia kwa iNaturalist, ile tovuti na app ya simu ambapo watu huweka picha za viumbe walivyoviona na watafiti huzitumia. Ila mjomba asiwakimbize na boti, hasa mama na mtoto, hilo laniuma sana.