Geji ya zamani ya boila inasoma 5, mpya inasoma 70: tuamini ipi?

SWALI: Injinia, habari za kazi. Sisi ni kikundi cha kubangua korosho hapa Mtwara Mikindani. Boila letu dogo la mvuke lina kibati kinachosema presha isizidi kilo 6, nasi tunafanyia kazi kwenye 5. Mshale wa geji ya zamani unabaki kwenye 0.5 hata boila likiwa limepoa kabisa. Tumenunua mpya ya psi 300 (paundi kwa kila inchi ya mraba), yenye glisirini ndani, uso wake umeandikwa 2.5. Fundi amezifunga zote mbili moja kwa moja juu ya boila. Ya zamani inasoma 5, mpya 70. Tuamini ipi? Je, tunaweza kuendelea na ya zamani kwa kutoa ile 0.5?

JIBU: Nzuri, ndugu zangu, na hongereni kwa kuuliza kabla ya msimu kuanza.

Msiamini hata moja. Kilo mnayoisema ni kilo kwa kila sentimita ya mraba (kg/cm²), na kilo 1 ni karibu psi 14.2. Kwa hiyo kilo 5 ni psi 71, na kwa macho geji zenu zinakubaliana. Lakini ile ya zamani inaanza safari ikiwa imeshaongeza nusu kilo, hivyo mkipiga hesabu ya kutoa mtapata 4.5, yaani psi 64. Nayo mpya, ile 2.5 iliyoandikwa usoni ni asilimia ya kosa linaloruhusiwa, na asilimia hiyo hupigwa kwenye kipimo chote, si kwenye namba mnayoisoma. Asilimia 2.5 ya 300 ni psi 7.5. Mshale ukisimama kwenye 70, presha ya kweli inaweza kuwa popote kati ya 62.5 na 77.5, sawa na kilo 4.4 hadi karibu 5.5. Kukubaliana kwao ni bahati tu.

Kuhusu kutoa 0.5: hapana. Ndani ya geji hizi mna mrija bapa uliopindwa, aliousajili Mfaransa Eugène Bourdon mwaka 1849. Presha ikiingia, mrija unajinyoosha kidogo na kuvuta mshale. Mshale usiporudi sifuri, huenda umeteleza kwenye pini yake, na hapo kosa linaweza kuwa lilelile kila mahali. Lakini huenda pia mrija wenyewe umeshanyooka kupita uwezo wake, na hapo kosa la 0.5 chini linaweza kuwa kubwa zaidi huko juu. Kwa nje hamwezi kujua ni lipi kati ya hayo. Kwenye boila, mahali watu wanasimama mita moja kutoka kwenye chuma chenye mvuke, sikubali hesabu ya namna hiyo. Ing'oeni.

Nunueni geji ya kilo 0 hadi 10, iliyoandikwa 1.6 au 1.0. Kosa la 1.6 kwenye kilo 10 ni 0.16 tu, na 5 yenu itaangukia katikati ya uso, mahali pazuri pa kusomea. Kazi ya kila siku isivuke robo tatu ya kipimo. Chagueni uso mpana, milimita 100, msomaji asilazimike kusogea karibu. Kwa kuwa mko pwani, gamba liwe la chuma kisichoshika kutu. La bati lililopakwa rangi huliwa na hewa ya chumvi upesi. Pigeni mstari mwekundu kwenye 6.

Sasa lile linalonitia wasiwasi zaidi: kufunga moja kwa moja. Mvuke wa kilo 5 una joto la karibu nyuzi 158 za Selsiasi. Ukiingia kwenye mrija, unaulegeza na kuharibu maungio yake, na nadhani ndivyo geji yenu ya kwanza ilivyokufa. Glisirini haizuii hilo; kazi yake ni kutuliza mtikisiko, kama wa kompresa. Kati ya boila na geji wekeni bomba fupi lililopindwa duara moja kamili, mlijaze maji kabla ya kuwasha. Maji yale hubaki pale, yanapitisha presha na kuzuia mvuke usifike. Fundi akaze kwa spana kwenye sehemu ya mraba chini ya geji, asizungushe gamba kwa mkono.

Kwa korosho nako kuna hasara. Kati ya kilo 4.5 na 5 joto linatofautiana nyuzi kama tatu, hivyo mkibadili muda wa kuvukiza kwa kufuata geji mbovu, mtatafuta kosa kwenye korosho wakati liko kwenye mshale.

Geji mpya ikaguliwe kwa kulinganishwa na ya rejea kwenye maabara ya vipimo, TBS (Shirika la Viwango Tanzania) wanayo. Boila lenyewe, pamoja na valvu ya usalama, ni la mkaguzi wa OSHA, wakala wa usalama na afya mahali pa kazi. Mpaka geji sahihi ifungwe na valvu hiyo ikaguliwe, msiwashe.