Maua ya kudumu chini ya mwembe

Ndugu, umeuliza ni maua gani ya kudumu yatakayokubali kukaa chini ya mwembe wako hapo Mukono, Uganda, mahali ambapo nyasi zimekufa kwa kukosa jua. Mimi ningeanza na Impatiens niamniamensis, mmea wa misitu yetu wenyewe, ambao maua yake mekundu na ya manjano, yanayofanana na mdomo wa kasuku, huchomoza kwenye shina lenyewe, kila ua likiwa na mkia uliojikunja. Kata kipande cha shina chenye urefu wa kiganja, ukichomeke kwenye udongo wenye mboji, nacho kitatoa mizizi upesi mradi udongo usikauke.

Mwingine ni Scadoxus multiflorus, unaoota kutoka kwenye tunguu la chini ya ardhi linalofanana na kitunguu na kufungua tufe la maua mekundu membamba mvua zinaporudi. Kiangazi majani yake hukauka, kwa hiyo weka alama mahali ulipoupanda, usije ukauchimba ukidhani umekufa. Tunguu hilo lina sumu, na mwenye watoto au mbuzi nyumbani asilipuuze jambo hilo.

Mizizi myembamba ya mwembe imejaa karibu na uso wa ardhi, hivyo usilime eneo lote. Chimba mashimo madogo kati ya mizizi, ujaze mboji, kisha utandaze majani makavu bila kuyarundika kwenye shina. Panda Machi au Septemba. Tafadhali usiing'oe mimea hii Mabira, kwa kuwa huo ni msitu wa hifadhi. Ulizia kwenye vitalu vya miche.