Niunganishe madeni yote, au niombe kupunguziwa?

SWALI: Assalamu alaykum. Mimi ni mwalimu wa skuli ya msingi, Wete. Nadaiwa pahala pane. Benki imebaki milioni nne, miezi 18, na kila mwezi nakatwa 253,000 kwenye mshahara. Mkopeshaji wa mtaani ananidai 600,000. Kila mwezi nampa 120,000 za faida, huu ni mwezi wa saba, na deni lenyewe liko pale pale. Kikundi chetu cha akina mama, 500,000. Tajiri wa jumla Chake Chake aliyenipa vitambaa vya kuuza, 900,000. Benki wanasema naweza kuchukua milioni sita kwa miaka mitano, niwalipe wote, nibaki na makato ya 149,000 tu. Mkopeshaji naye anasema nikimpa pesa kwa mkupuo atanipunguzia. Mume wangu anataka kuuza karafuu zake zingali mtini tuipate hiyo pesa. Tufuate lipi?

JIBU: Waalaykumu salaam, Mwalimu. Nianze na karafuu kwa sababu hilo ndilo linaloweza kufanyika kesho mkajuta: msiziuze mtini. Anayenunua karafuu mbichi juu ya mti hupanga bei kwa shida aliyonayo mwenye shamba, si kwa kilo zitakazofika kwenye kituo cha ZSTC, shirika la serikali linalonunua karafuu. Pemba ina historia chungu ya jambo hili. Miaka ya 1930 mashamba mengi yalikuwa rahani kwa wakopeshaji, mpaka mwaka 1938 serikali ya wakati ule ikatunga sheria ya kulinda ardhi na kusuluhisha madeni ya wakulima. Mwambie mumeo asubiri msimu.

Sasa hiyo milioni sita. Makato uliyonitajia yanaonesha mkopo wako ni wa asilimia 17 kwa mwaka, riba ikihesabiwa juu ya salio linalopungua. Ukiumaliza kama ulivyo, riba iliyobaki ni kama 560,000. Ukichukua milioni sita kwa miezi 60 kwa kiwango hicho hicho, kweli makato yatashuka hadi 149,000, lakini riba peke yake itakaribia 2,950,000. Deni la kikundi na la vitambaa, ambayo kwa maelezo yako hayazai kitu, utakuwa umeyaingiza kwenye riba kwa hiari yako, na deni la benki ulilobakisha mwaka na nusu utalivuta miaka mitano. Afisa wa benki hakukudanganya. Amekupa jibu la swali la makato kwa mwezi, na wewe unahitaji pia jibu la swali la pili: mpaka namaliza, nitakuwa nimelipa ngapi jumla? Muulize, akuandikie, pamoja na ada ya mkopo na bima.

Kuunganisha madeni hakupunguzi deni. Kunabadilisha bei yake, na kwa hiyo deni linalostahili kuhamishwa ni lile la bei ghali. Kwako ni moja tu: la mkopeshaji. Asilimia 20 kwa mwezi! Umeshampa 840,000 kwa deni la 600,000, na bado anakudai zote. Benki Kuu imeweka kikomo cha asilimia 3.5 kwa mwezi kwa wakopeshaji wadogo inaowapa leseni; kwa deni lako hiyo ni 21,000, si 120,000. Muombe akuoneshe leseni yake. Kama hana, au anayo na anatoza hivyo, tawi la Benki Kuu liko Unguja na malalamiko hupokelewa.

Iombe benki ikuongezee 600,000 tu juu ya ulichobakisha, iwe 4,600,000, na muda uwe miezi 24. Kwa kiwango kile kile makato yatakuwa kama 227,000. Leo unatoa 253,000 na 120,000, jumla 373,000. Utakuwa umeokoa 146,000 kila mwezi na huyo mkopeshaji wa kausha damu utakuwa umeachana naye. Riba yote ya benki kwa miezi hiyo 24 ni kama 858,000. Ukiendelea na mkopeshaji, kiasi hicho unampa yeye kwa miezi saba na kidogo.

Kabla hujasaini benki, nenda kwa mkopeshaji mkazungumze hilo punguzo. Usione haya. Katika Bukhari imo habari ya Kaab bin Malik, aliyekuwa akimdai mwenzake msikitini mpaka sauti zikapanda. Mtume (SAW) akamuashiria Kaab apunguze nusu ya deni, naye akakubali, kisha mdaiwa akaamrishwa asimame alipe. Angalia mpangilio wake: punguzo limekubaliwa, na malipo yakafuata hapo hapo. Anza na 400,000, na ukumbushe zile 840,000. Akikubali 450,000, zitakazobaki zipeleke kwa tajiri wa vitambaa.

Lakini pesa isitoke mkononi kabla ya karatasi. Iandikwe tarehe, kiasi, na maneno kwamba kwa malipo haya deni lote limekwisha na hakuna faida inayodaiwa. Wasaini nyote wawili mbele ya sheha wa shehia yako na shahidi mwengine, na kila mmoja abaki na nakala. Kama alishika kadi yako ya benki, ichukue siku hiyo na ubadilishe namba ya siri. Kisha ulizia sana ulisaini nini siku ya kukopa: wako wakopeshaji wanaoandika mkataba wa mauziano ya nyumba au kiwanja badala ya mkopo. Ukikuta hivyo, usilipe hata senti kabla ya kuuonesha kwa mwanasheria.

Akikupigia mtu simu kwamba atakujadilia madeni yako kwa ada ya mbele, mkatae. Hata Marekani, ambako iko biashara kubwa ya kampuni za kazi hiyo, tangu mwaka 2010 zinazouza huduma kwa simu zimekatazwa kuchukua ada kabla ya kumpatia mdaiwa suluhu.

Hukuuliza, ila wasomaji wengi huniuliza kama benki za Kiislamu zinaweza kununua deni la riba. Murabaha ni mauziano: lazima kiwepo kitu kinachonunuliwa na benki na kuuzwa kwako, kwa hiyo deni la pesa taslimu halinunuliki hivi hivi. Nenda uulize, na ukiambiwa inawezekana, uliza ni bidhaa gani inauzwa na nani ataimiliki.

Tajiri wa vitambaa usimuombe punguzo. Mali ni yake na hakutozi ziada. Muombe muda, ukimtajia kiasi na tarehe: 90,000 kila mwezi kwa miezi kumi. Kikundi mpe 50,000 kila mwezi, nao utamaliza miezi hiyo hiyo kumi. Mfuate katibu nyumbani kabla ya siku ya kikao umueleze mpango huu, asikusikie kwa wengine kwamba umekwama.