Re: Regyuleta moja kwa Mafia na maji ya baridi

Mkuu habari, mi pia niko Dodoma hapa hapa, kumbe wazamiaji wa kwenye vumbi tupo zaidi ya mmoja. Umeuliza kama regyuleta moja (kile kifaa cha kushusha presha ya hewa ya mtungi ili upumue chini ya maji) itatosha Mafia na huko Norway unakoenda kusoma. Inatosha, ila nunua ya maji ya baridi, maana hiyo inapiga kazi kote, ya maji ya moto ukiipeleka kwenye baridi ndo balaa.

Kabla hujauliza bei shika ile sehemu inayofungwa kwenye mtungi usome maandishi yake. Ukikuta EN 250 (kiwango cha Ulaya cha regyuleta) halafu >10°C, Mafia utakula raha tu maana maji yetu ni nyuzi 25 hadi 29, ila chini ya 10 usithubutu. Hewa ikitoka kwenye bar 200 na presha kushuka ghafla inapoa vibaya mno, maji yaliyo kwenye springi yanaganda, vali inagoma kufunga na hewa inamwagika mfululizo mpaka mtungi unaisha na wewe uko chini. Kwa hiyo tafuta ya daiaframu (vali inasukumwa na kiwambo laini) iliyozibwa, maji yasifike kwenye springi. Ya pistoni ya wazi, ambayo maji yanaingia mpaka kwenye springi, ni simpo na mafundi wanaipenda, ila iache kwa bahari yetu.

Yangu ni ya daiaframu iliyozibwa na Mafia haijawahi kunizingua, uzito tu ndo kero kwenye begi la ndege.

Chukua ya DIN (inayojifunga kwa skrubu ndani ya vali ya mtungi) na adapta ya yoki (kibano kinachobana vali kwa nje), Ulaya DIN ndo mwendo. Na ukifika huko usivute hewa ya regyuleta ukiwa bado nje ya maji kwenye baridi, subiri uzame kwanza.