Mwanga umeshuka: je, kampaundi yangu imeshika DNA?

Swali: Mwalimu, shikamoo. Natafuta kampaundi zinazoshika kwadrupleksi-G (DNA iliyojikunja kuwa mabapa ya guanini nne nne) ya telomeri, yaani ncha ya kromosomu, kwa njia ya kung'oa thiazoli oranji, rangi inayong'aa ikishika DNA. Moja, yenye rangi ya chungwa, ilishusha mng'ao kwa asilimia 78 nilipoiweka mikromola 50 kwenye kuveti (kichupa cha kupimia mwanga) ya sentimita 1. Kwa DNA ya kawaida ya nyuzi mbili mng'ao ulishuka kwa asilimia 74. Niandike kwamba inashika zote mbili?

Jibu: Marahaba. Usiandike bado. Namba mbili zikikaribiana hivyo, tena kwa kampaundi ya rangi ya chungwa, nina shaka kwamba ulichopima ni kivuli chake, yaani mwanga inaoufyonza yenyewe.

Thiazoli oranji ikiwa peke yake majini karibu haing'ai, maana molekuli yake hujipinda na nishati ikapotea. Ikilala juu ya bapa la guanini nne hubanwa isijipinde, na hapo huwaka mara mamia. Kampaundi ikichukua nafasi yake, rangi hurudi majini na kuzimika. Ndiyo maana tunahesabu giza kuwa dalili ya kung'olewa. Lakini rangi hii tunaiwasha kwa mwanga wa nanomita 501 hivi, na vitu vya rangi ya chungwa hufyonza mwanga wa eneo hilohilo au la jirani.

Piga hesabu. Tuseme kampaundi yako ina kigezo cha ufyonzaji (kipimo cha nguvu yake ya kufyonza mwanga) cha 20,000 kwa mola kwa sentimita. Kwa mikromola 50 ufyonzaji ni 1, na mwanga unaofika katikati ya kuveti ni kama theluthi moja tu ya uliouingiza. Theluthi mbili zimepotea kabla hatujauliza habari za DNA! Kwa mikromola 2.5 ufyonzaji ni 0.05, na hasara haizidi asilimia 6.

Kwa hiyo rudi kwenye vipimo vya kawaida: DNA mikromola 0.25, rangi 0.5 (kwa nyuzi mbili za jozi 26 weka 0.75), kisha ongeza kampaundi kidogo kidogo hadi 2.5. Bafa (mmumunyo wa jaribio) iwe na potasiamu milimola 100, kwa sababu ndiyo inayokaa katikati ya mabapa na kuyashikilia. Mng'ao ukishuka kwa nusu ndani ya kiwango hicho, una jambo la kufuatilia.

Pembeni fanya jaribio moja rahisi ambalo wengi hulisahau: weka kampaundi yako ya mikromola 50 kwenye fluoresini, rangi nyingine inayong'aa, bila DNA yoyote. Fluoresini huwashwa karibu na nanomita 490. Nayo ikififia kiasi kilekile, kivuli kimethibitika. Ikiwa hivyo, badala ya thiazoli oranji tumia rangi ya TO-PRO-3, inayowashwa karibu na nanomita 640, mbali na rangi ya chungwa.

Na kampaundi zilizoshindwa kung'oa rangi usizitupe. Kampaundi inayokaa kwenye mfereji wa kando wa kwadrupleksi au kwenye vitanzi vyake inaweza kushika barabara huku thiazoli oranji imetulia juu ya bapa lake. Zipime kwa kuyeyusha DNA, uone kama joto la kuyeyuka limepanda.

Kabla ya yote, nitumie mchoro wa ufyonzaji wa kampaundi yako, kuanzia nanomita 450 hadi 600.