Mke kanyimwa viza ya Australia: mapitio anaomba nani?

Mkuu, umeuliza kama mkeo aliyeko Kigoma, aliyenyimwa viza ya mwenza, aombe mapitio ya uamuzi huo kwenye Baraza la Mapitio la Australia (Administrative Review Tribunal, ART) huko huko aliko. Hapana. Omba wewe uliyemdhamini, uliyeko Brisbane. Kosa hilo nililifanya mimi, najua linavyouma.

Mwaka 2022 barua ya kukataliwa ilikuja kwa jina la mke wangu, akiwa Mwanza. Tukaona aliyenyimwa ndiye mwenye kulalamika. Akajaza fomu, nikalipa ada, tukakusanya picha za harusi na risiti za hela nilizokuwa namtumia. Baada ya miezi, Baraza (enzi hizo likiitwa AAT, Administrative Appeals Tribunal) likaandika kwamba linaona halina mamlaka ya kusikiliza shauri letu, je, tuna la kusema? Nikajibu kurasa mbili za jinsi ninavyompenda mke wangu! Hakuna aliyeuliza hilo. Kwa viza ya namna ile, mwombaji akiwa nje ya Australia, sheria inampa mdhamini haki ya kuomba mapitio. Na maelezo hayo yalikuwemo kwenye barua ile ile, sisi tuliishia ukurasa wa kwanza. Nilipozinduka, siku 70 za kuomba mapitio za wakati ule zilishapita. Ada ya Baraza tulirudishiwa, lakini viza ilibidi tuiombe upya, dola 8,000 na ushee.

Siku 70 na 21 mnazoziona kwenye nyuzi za zamani zisahauni. ART ilipochukua nafasi ya AAT tarehe 14 Oktoba 2024, muda ukawa siku 28 tangu upate barua ya kukataliwa kwa walio wengi, na Baraza halina uwezo wa kukuongezea hata moja. Barua pepe inahesabika umeipata siku iliyotumwa, hata kama wakala wako ameikalia wiki mbili bila kukwambia. Ada imepita dola 3,000; ukiwa na hali ngumu kweli unaweza kuomba upunguziwe nusu.

Yule mwenzetu mwenye mdogo wake Dodoma aliyenyimwa viza ya masomo: kaombea nje ya Australia, kwa hiyo Baraza halimhusu. Arekebishe kasoro zilizotajwa, aombe tena. Viza ya matembezi nayo ni hivyo hivyo, ila kama alitaka kuja kumtembelea mzazi, mwenza, mtoto, kaka au dada mwenye uraia au ukaazi wa kudumu, na jamaa huyo alitajwa kwenye maombi. Hapo jamaa ndiye anayeomba mapitio. Udugu wetu wa Kiswahili haufui dafu kule: binamu, mjomba na shangazi hawamo.

Sasa mkuu, barua ya mkeo ilitumwa tarehe ngapi? Itaje hapa tuhesabu pamoja, maana umesema "mwezi uliopita" na hiyo inanitia wasiwasi.