Swali la lugha: Hivi kila shida siku hizi ni changamoto?

Msomaji mmoja kaniandikia: "Mwalimu shikamoo. Bosi wetu katukataza kuandika 'tatizo' kwenye ripoti, anataka 'changamoto', anasema ndo Kiswahili cha kisasa. Juzi tena kwenye semina tukaambiwa mfanyabiashara na mjasiriamali ni vitu viwili tofauti kabisa. Hivi kuchukua neno lililopo ukalipa maana mpya kuna faida yoyote au tunapigwa changa la macho? Na wingi wake ni changamoto au machangamoto?"

Marahaba. Faida ipo, tena kubwa, tusianze na kulaumu. Kitu kipya kikija lugha inaweza kukopa, inaweza kuunda neno, au inarudi stoo inatoa neno la zamani inalipa kazi nyingine, na hii ya mwisho mi ndo naipenda zaidi kwa sababu neno linakuja na mizizi yake. Chukua barakoa. Lilikuwa vazi la wanawake la kufunika uso, limo kwenye kamusi za zamani huko, wengi wetu hatukuwahi hata kulitamka, korona ilipoingia 2020 ghafla kila mtu anatafuta jina la kile kitambaa cha puani na mdomoni na neno likawa lipo limekaa tu linasubiri. Mtandao nao hivyo hivyo, umetoka kwenye kutanda, kama buibui anavyotanda nyuzi zake, ukauleta kwenye intaneti na hakuna aliyehitaji kuelezwa mara mbili.

Halafu kuna ujamaa. Lilikuwa neno la udugu, kuwa jamaa ya mtu. Nyerere alipolichukua kuwa jina la siasa yake, 1962 alikaa chini akaandika kijitabu kizima kueleza anamaanisha nini, na 1967 likaja Azimio la Arusha likafafanua zaidi. Unaweza kuipinga ile siasa mpaka kesho lakini unajua unachokipinga, na hapo ndo penye tofauti yote, maana aliyelipa neno maana mpya aliisema hiyo maana hadharani.

Sasa twende kwa bosi wako. Changamoto kwa asili ni jambo linalokupa ari, linakuchokoza uinuke ulifanye, kama kuna mtu kakwambia "huwezi" na wewe ukakunja mikono ya shati. Mlima ni changamoto kwa mpandaji. Bomba limepasuka sio changamoto, bomba limepasuka. Lakini siku hizi gari lina changamoto, tumbo lina changamoto, mtandao una changamoto, na nimeshawahi kuletewa ripoti ya kurasa mbili niihariri nikakuta changamoto kila aya, nikaanza kuwapigia waandishi niulize moja moja ni nini hasa, hii ikawa fedha hazikutosha, ile ikawa mzigo ulichelewa, na moja (walisita kidogo kwenye simu) ikawa ni wizi. Wizi! Yani mtu kaiba, kwenye karatasi imeandikwa "changamoto ya upotevu wa vifaa", hakuna mwizi hakuna aliyeibiwa, vifaa vimejipotelea vyenyewe.

Kwahiyo kipimo changu ni chepesi sana, rudisha neno la zamani mahali pake usome sentensi. Ukirudisha "tatizo" na kilichopungua ni haya ya mwandishi tu, basi lile neno jipya halikuleta maana, limeleta pazia. Na usichanganye hili na tafsida, kusema amefariki badala ya amekufa ni adabu kwa wafiwa na kila mtu anajua mtu hayupo, hakuna kilichofichwa pale.

Hasara nyingine watu hawaioni kwa haraka. Mitandaoni vijana wakiwekeana jambo la kujaribu, cheza hivi, ruka hivi, tuone kama unaweza, wanaliita chalenji. Hebu fikiria, hiyo ndo changamoto yenyewe, ile ya asili kabisa, lakini hawawezi kuitumia kwa sababu sisi watu wazima tumeshaimaliza kwenye mabomba na matumbo, ikabidi wakakope la kigeni kujaza nafasi ambayo neno letu lilikuwa limeikalia. Tumepata jina la pili la shida, na shida ilikuwa na majina chungu nzima tayari: tatizo, kero, kikwazo, hitilafu, dosari, upungufu, kila moja na pahala pake, hitilafu ya umeme huwezi kuiita kero ya umeme ukamaanisha kitu kilekile.

(Zoezi nalo liko njia hiyohiyo, zoezi la kuhesabu kura, zoezi la kuandikisha watoto, nimesikia hadi "zoezi la kuaga mwili", sijui mazoezi yake yalifanyika lini.)

Kuhusu mjasiriamali, wale wa semina wana hoja kidogo. Neno limebeba ujasiri na mali, yule anayethubutu kuweka mali yake kwenye jambo ambalo hajui litamrudishia au litamla, na kwa maana hiyo kweli sio kila mfanyabiashara anaingia. Ila waulize mpaka uko wapi. Wakikuonyesha mstari, chukua neno ulitumie. Wakianza kukwambia mjasiriamali ni mtu "mwenye maono", kunywa chai yako urudi nyumbani, maana sasa hivi hata mchuuzi tunamwita mjasiriamali na mchuuzi lilikuwa neno safi kabisa.

Kwenye ripoti ya bosi, kama huwezi kubishana naye muandikie changamoto yake halafu kwenye sentensi hiyohiyo taja kitu chenyewe: "changamoto iliyotukuta ni kwamba pampu iliharibika tarehe 3 na haijatengenezwa." Hawezi kukukatalia, neno lake lipo.

Na wingi ni changamoto hivyohivyo, ngeli ya I-ZI kama nyumba: changamoto hii, changamoto hizi. Machangamoto hapana.